Kupima densiti ya bati lililoyeyuka, hatua kwa hatua

Metali iliyoyeyuka huwezi kuimimina kwenye silinda ya kupimia. Njia ninayoiamini ni ile ya Archimedes: unazamisha kipande kizito kinachoning'inia kwenye waya wa mizani, unaangalia uzito umepungua kiasi gani. Upungufu huo ni uzito wa metali iliyosukumwa kando na kipande; ukiugawanya kwa ujazo wa kipande, unapata densiti, yaani gramu ngapi kwa kila sentimita ya ujazo. Anza na bati, maana huyeyuka kwenye nyuzi 231.9 tu za Selsiasi.

1. Andaa vipande viwili vya tungsteni, kimoja cha sentimita za ujazo 1, kingine 3, na waya za unene uleule. Vikaushe kabisa. Unyevunyevu ukikutana na metali ya moto hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha metali usoni, kwa hiyo usikaribie bila ngao ya uso na glavu.

2. Yeyusha bati katika chungu cha grafiti, ndani ya gesi ya agoni. Hewa ikiingia, utando wa oksidi hufunika uso na kung'ang'ania waya.

3. Hakiki thamokapo, yaani kipimajoto cha waya za metali mbili. Acha bati lipoe polepole: litapita chini ya 231.9 likiwa bado majimaji, kisha joto litaruka juu na kutulia. Kama bati ni safi, hapo linapotulia ndipo penye 231.9. Ukisoma namba nyingine, tofauti hiyo ni kosa la thamokapo yako.

4. Pasha hadi 300. Pima kila kipande kikiwa juu ya bati, halafu kikiwa kimezama.

5. Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hupotea. Pale waya unapotoboa uso, metali huuvuta au kuusukuma. Kwa waya wa nusu milimita, kani hiyo hufikia karibu miligramu 90, zaidi ya asilimia 1 ya upungufu wa kipande kidogo. Mwanzoni sikulijua hili. Kila nikibadilisha kipande densiti ilibadilika, nami nikawa nailaumu mizani. Dawa yake ni kutoa upungufu wa kipande kidogo kwenye ule wa kikubwa. Kani ya waya, kwa kuwa ni ileile, inajifuta. Tuseme tofauti ni gramu 13.92. Ujazo uliobaki ni 2, lakini tungsteni nayo hutanuka kwa joto, kwa hiyo tumia 2.008. Gawanya 13.92 kwa 2.008: jibu ni gramu 6.93 kwa sentimita ya ujazo.

6. Rudia kwenye 350 na 400. Densiti ishuke kidogo kila mara, kama 0.03. Ikipanda, huenda kiputo cha gesi kimenasa chini ya kipande: kiinue, kizamishe tena taratibu kikiwa kimeinama, upime upya.