Siku Moja ya Kimya Liepnitzsee: Jinsi ya Kufika Ukitokea Berlin

Mgeni wa Berlin akiuliza ziwa, huelekezwa Wannsee. Ni pazuri, ila wikendi ya kiangazi utadhani stendi ya mabasi. Mimi huenda kaskazini, Liepnitzsee, ziwa dogo lililojificha msituni karibu na mji wa Wandlitz.

Hatua ya 1: Chagua siku. Jumanne au Jumatano, shule zikiwa hazijafunga. Jumapili ikikulazimu, nunua chakula Jumamosi, maana maduka mengi Ujerumani hufungwa. Beba pia euro taslimu.

Hatua ya 2: Tiketi. Chukua ya zoni A, B na C. Ile ya AB haifiki Wandlitz. Ukinunua ya karatasi isiyo na tarehe, igonge mhuri kwenye kile kimashine cha jukwaani kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta nayo haina mhuri, faini ni euro 60, na kusema "mimi mgeni" hakusaidii.

Hatua ya 3: Treni. Hapa ndipo watu hupotea, na mimi nimo. Panda S2, treni ya mjini, iendayo Bernau, ushuke Karow, kisha uchukue RB27, treni ya mkoa. Reli hii hugawanyika Basdorf: tawi moja linapita Wandlitz kuelekea Groß Schönebeck, jingine linakwenda Wensickendorf. Safari yangu ya kwanza niliona tu "RB27" nikajitupa ndani. Nilikuja kushtuka nje ni mashamba matupu, nikakaa kituoni karibu saa nzima nikila mkate wa mchana saa nne asubuhi. Kwa hiyo soma mwisho wa safari, usisome namba peke yake. Ukiona herufi SEV, ujue siku hiyo kipande cha njia kina basi badala ya treni.

Hatua ya 4: Kutembea. Shuka Wandlitz. Hadi ziwani ni kama kilomita 3 kwa miguu, nyingi zikiwa chini ya miti mirefu yenye magome laini ya kijivu, ambayo Wajerumani huiita Buche.

Hatua ya 5: Tafuta mahali pako. Usitandike khanga kwenye ufuo wa kwanza, maana kila mtu hutandika hapo. Njia inazunguka ziwa lote, kama kilomita 8 hivi. Endelea dakika ishirini zaidi utapata kipenyo chako kati ya mizizi, maji ya kijani yakionyesha hadi vidole vya miguu. Katikati kuna kisiwa, Großer Werder, na majira ya joto kivuko kidogo huvusha watu.

Utakuta wengine wanaogelea uchi. Ni mila ya siku nyingi upande huu uliokuwa Ujerumani Mashariki. Usikodoe macho, na kamera iache mfukoni. Wewe ukitaka kuvaa, vaa, hakuna atakayekuuliza. Spika ya muziki ndiyo itakayokugombanisha na watu.

Hatua ya 6: Kabla ya kulala. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimezoea kuwaza kichocho kabla ya kutia mguu ziwani. Huku hatari iko majanini: kupe. Jikague nyuma ya magoti, kwapani na kinenani. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute polepole. Siku au wiki zinazofuata likitokea duara jekundu linalotanuka, nenda kwa daktari.