Kuomba nafasi ya rubani kadeti ukiwa Mwanza: anzia kwa daktari

Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wanaotaka urubani huanza kwa kuhangaikia ada. Hangaikia afya kwanza. Kadeti huchukuliwa na shirika la ndege akiwa hajawahi kushika usukani, husomeshwa kwa fedha za shirika au kwa mkopo, kisha hulitumikia kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba. Mtu asiyeweza kupata cheti cha afya cha daraja la kwanza hawezi kufika huko hata awe na alama za juu kiasi gani, kwa hiyo usilipie kozi yoyote kabla ya kupimwa.

Cheti hicho hakitolewi na kila daktari. Uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ni madaktari gani imewaidhinisha. Kila jicho peke yake linatakiwa lisome 6/9 au zaidi (yaani kwa mita 6 lisome kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9), na yote mawili kwa pamoja 6/6. Miwani inaruhusiwa, ila rubani lazima abebe na ya akiba, na wengi hukata tamaa bure kwa kutolijua hilo. Utaonyeshwa pia kurasa za vitone vya rangi zenye namba ndani yake, utapimwa usikivu, umeme wa moyo na mkojo. Hapo kwenye mkojo watu wa kwetu wawe makini: aliyekulia kwenye mabwawa ya Misungwi au Kwimba anaweza kuwa na kichocho bila kuhisi chochote, na damu ikionekana kwenye mkojo cheti kitasubiri uchunguzi. Pima mapema katika kituo cha afya, utibiwe, ndipo uende.

Kwa upande wa shule, matangazo mengi hutaka Fizikia na Hisabati. Kinachowaangusha waombaji wenye vyeti vizuri ni mchujo wa kompyuta: hesabu za kichwani bila kikokotoo, kusoma mishale ya vipimo kwa sekunde chache, na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

Jizoeze kwa safari unayoifahamu. Mwanza hadi Bukoba kwa anga ni takribani maili 95 za baharini. Ndege ndogo inayokwenda maili 100 kwa saa itatumia dakika 57 kwenda na 57 kurudi, jumla 114. Sasa weka upepo wa maili 20 kwa saa, unaoipinga wakati wa kwenda na kuisukuma wakati wa kurudi. Wengi hujibu haraka kwamba jumla haibadiliki. Piga hesabu: kwenda kwa 80 ni dakika 71, kurudi kwa 120 ni kama dakika 48, jumla 119. Ndege imekaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya upepo mzuri, ndiyo maana ulicholiwa hakirudi chote. Kwa injini inayokunywa lita 30 kwa saa, safari ya kwenda peke yake imeongeza lita 7. Fanya hesabu kumi za namna hii kila siku kwa miezi mitatu, kwa sauti, huku mtu akikusemesha.

Kwenye usaili jiandae kueleza sababu, usikariri. Mfano: kwa nini ndege ileile, kwa mzigo uleule, hukimbia sehemu ndefu zaidi ya njia ya kurukia hapo Mwanza saa nane mchana kuliko alfajiri? Uwanja uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho joto la kawaida la vitabu ni kama nyuzi 7.5. Kukiwa na nyuzi 30, kila nyuzi iliyozidi huongeza karibu futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inakihisi, nayo hujiona iko kwenye futi 6,460 hivi. Hewa imekuwa nyepesi, kwa hiyo bawa, propela na injini vyote vinapungukiwa kwa pamoja.

Kiingereza cha redio hupimwa katika maeneo sita, na lile la chini kabisa ndilo linaloamua daraja lako. Unatakiwa usishuke chini ya la 4. Aliyezoea kuchanganya r na l arekebishe mapema. Namba zina matamshi yake: 3 ni "trii", 5 ni "faifu", 9 ni "naina", ili zisipotee kwenye kelele.

Ukichaguliwa, usisaini siku hiyohiyo. Mpelekee mwanasheria mkataba na utafute majibu ya haya: utatumikia miaka mingapi, ukiacha katikati deni linapunguaje, nani analipa ukipoteza cheti cha afya, na je, mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha yamo ndani ya gharama? Hilo la mwisho husahauliwa sana, nalo ni ghali. Chuo kikiwa nje ya nchi, leseni yake lazima itambuliwe na TCAA kabla hujarusha ndege yenye 5H ubavuni, alama ya usajili wa Tanzania.

Mafunzo yenyewe huanza na leseni ya rubani binafsi, kama saa 40 za kuruka, ikiwemo safari ya peke yako ya maili 150. Leseni ya biashara hutaka saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa moja kwa moja, pamoja na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo bila kutazama nje. Wanaobaki nyuma mara nyingi ni wale wanaofika kwenye ndege bila kukariri orodha ya ukaguzi, wakatumia saa za kuruka kujifunza kilichopaswa kujulikana kitandani jana usiku. Keti kwenye kiti cha kawaida, bandika picha ya dashibodi ukutani, gusa kila swichi kwa mpangilio hadi mkono utangulie mawazo.