Namna ya kuisoma habari ya utafiti wa Alzheimer kabla ya kuamua lolote kuhusu mzee wako

Familia yenye mzee anayesahau haikosi kutumiwa kwenye simu taarifa kwamba wanasayansi wamegundua dawa, kinywaji au kipimo kipya cha ugonjwa wa Alzheimer, na mara nyingi taarifa hiyo hufika ikiwa na bei yake. Mwongozo huu ni wa yule mtoto, mjukuu au mkwe anayetegemewa kusema kama fedha za ukoo ziende huko au zisiende. Si lazima awe daktari. Inatosha ajue cha kuuliza, na asikubali kuharakishwa kabla hajapata majibu.

Anza kwa kutafuta utafiti ulifanywa kwa nani. Ikiwa ni panya wa maabara, unaweza kuiweka habari hiyo kando kwa sasa, kwa kuwa panya hao hubadilishwa vinasaba ili ubongo wao ufanane kwa kiasi na wa mgonjwa, na dawa nyingi zilizowafaa zimeshindwa kwa binadamu. Ikiwa ni watu, angalia umri wao na hatua ya ugonjwa waliyokuwa wamefikia, kisha umlinganishe mzee wako nao kwa ukweli wote.

Baada ya hapo uliza ni kitu gani hasa kilichopimwa. Kuna habari zinazosema kwamba dawa imepunguza amiloidi, ile protini inayojikusanya katika ubongo wa mgonjwa, na msomaji akadhani kwamba mgonjwa amepata nafuu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Dawa iitwayo verubecestat ilipunguza amiloidi kama ilivyokusudiwa, lakini walioitumia hawakunufaika, na katika kundi la wale walio kwenye dalili za mwanzo kabisa, waliopewa dawa walionekana kufanya vibaya kuliko wenzao. Unachotaka kujua ni kama mtu aliweza kuendelea kuvaa nguo, kushika fedha zake, kufuata mazungumzo na kujua yuko wapi.

Swali linalohitaji subira zaidi ni la ukubwa wa tofauti, na hapa lecanemab ni mfano mzuri. Ni dawa ambayo katika utafiti wake ilitolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili, na Marekani iliipa idhini kamili mwezi Julai 2023. Vyombo vya habari vilisema inapunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Namba hiyo ni ya kweli, ila itazame ilikotoka. Utafiti wake ulihusisha watu 1,795 wenye ugonjwa katika hatua za mwanzo, uliwafuatilia kwa miezi 18, na uliwapima kwa kipimo cha alama 0 hadi 18, ambapo alama zikipanda hali imezidi kuwa mbaya. Kwa wastani, waliopata dawa walipanda kwa alama 1.21, na waliowekewa dripu isiyo na dawa walipanda kwa alama 1.66. Tofauti ni alama 0.45, na ukiigawanya kwa 1.66 utapata ile asilimia 27. Kwa maneno mengine, makundi yote mawili yaliendelea kudhoofika, moja polepole zaidi ya jingine. Kuvimba kwa sehemu za ubongo kulionekana kwenye picha za MRI kwa asilimia 12.6 ya waliopata dawa, dhidi ya asilimia 1.7 ya wenzao, na kwa kuwa wengi wa waliovimba hivyo hawakuhisi chochote, usalama wa dawa hii unategemea kurudia picha hizo mara kwa mara. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, mbali na gharama za vipimo.

Mimi naiona kazi hiyo kuwa hatua kubwa, kwa sababu kwa miaka mingi kila dawa iliyojaribiwa kuupunguza kasi ugonjwa huu ilikuwa ikishindwa. Hata hivyo, mama ambaye tayari hawatambui wanawe hakuwa miongoni mwa waliochunguzwa, na anayemwahidi kwamba dripu itamrudishia kumbukumbu anamuuzia kitu ambacho utafiti wenyewe haukukisema.

Uliza pia watu hao walilinganishwa na nani. Shuhuda za watu watatu waliopata nafuu hazitoshi, kwa sababu hali ya mgonjwa hupanda na kushuka yenyewe. Utafiti wa kuaminika huwagawa washiriki kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu, bila wao wala wanaowapima kujua nani kapata kipi. Vidonge vya majani ya ginkgo, ambavyo bado vinauzwa kwa jina la kuimarisha kumbukumbu, vilijaribiwa kwa utaratibu huo nchini Marekani kwa watu 3,069 wenye miaka 75 na kuendelea, waliofuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: watu 277 kati ya 1,545 waliomeza ginkgo walipata demensia, yaani kudhoofika kwa akili na kumbukumbu kunakoletwa na magonjwa ya ubongo kama Alzheimer, na kati ya 1,524 waliomeza vidonge visivyo na kitu, walioipata walikuwa 246. Ginkgo haikuwakinga. Jibu la namna hiyo halisambazwi sana, ingawa lingeziokolea familia nyingi fedha ambazo zingenunua dawa za presha.

Dawa za presha nimezitaja kwa sababu. Utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 9,000, uliotoa matokeo yake ya ubongo mwaka 2019, ulilinganisha kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 na kuishusha hadi chini ya 140. Walioshushwa zaidi walipungukiwa na matatizo madogo ya kumbukumbu, yale yanayoweza kutangulia demensia, lakini kwa demensia yenyewe tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuhusishwa. Kwa hiyo usimwongezee mzee vidonge kwa kusoma habari, maana presha ikishuka mno anaweza kuanguka. Mpeleke kliniki, na uhakikishe alizoandikiwa anazimeza.

Tahadhari nyingine inahusu mahali. Watafiti waliowalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis walikuta kwamba kiwango cha wagonjwa wapya wa Alzheimer huko Ibadan hakikufika nusu ya kile cha Indianapolis. Kinasaba cha APOE4, kinachojulikana kwa kuongeza hatari miongoni mwa Wazungu, hakikuonyesha uhusiano wa wazi na ugonjwa kwa wazee wale wa Ibadan. Akija mtu kukuuzia kipimo cha vinasaba, kumbuka kwamba maana ya majibu yake imetokana zaidi na damu za watu wa Ulaya na Marekani.

Hata vipimo vya kumbukumbu vinataka uangalifu huo. Vingi vimeandikwa kwa watu waliosoma, vikimtaka mzee aandike sentensi au achore umbo, na asiyewahi kushika kalamu huonekana mgonjwa. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa wenye miaka 70 na kuendelea ulikadiria demensia kuwa asilimia 6.4, watafiti walisaidia kutengeneza kipimo kiitwacho IDEA. Humo mzee huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na hupanga vijiti vya kiberiti vifanane na mfano. Mweleze mhudumu mapema kama mzee wako hakusoma, na uulize kama kipimo anachotumia kinamfaa.

Yote hayo yana maana tu ikiwa mzee ana ugonjwa unaozungumzwa. Usahaulifu unaweza kuletwa na tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi, dawa anazotumia, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, na mengi kati ya hayo yana tiba. Andika kwenye daftari kilichobadilika, kilianza lini, na kama kilikuja ghafla au polepole, kisha ubebe dawa zake zote, za hospitali na za miti shamba, ukamwonyeshe daktari. Mzee aliyechanganyikiwa ndani ya siku chache apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mkialikwa kushiriki utafiti, ombeni kuona kibali. Tanzania Bara hutolewa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Kenya mtafiti huwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa mzee, naye aulizwe mwenyewe hata kama utasaini kwa niaba yake. Akikataa leo, au akitaka kujitoa baada ya kukubali, matibabu yake ya kawaida hayapaswi kuguswa.