Somo: Kuelewa milinganyo tofautishi ya fizikia ukijifunza mwenyewe

Wanaojifunza fizikia wenyewe wengi hukwama pahali pamoja. F = ma wanaielewa vizuri. Wakifungua kitabu cha juu kidogo wanakutana na d²x/dt², na kurasa zinazofuata ni mbinu za kutatua, moja baada ya nyingine. Mtu anakariri mbinu hizo bila kujua mlinganyo wenyewe unasema nini. Mimi nashauri mbinu zije mwisho. Kwanza usome mlinganyo, kisha uutembee kwa mkono, na kinachohitajika ni daftari na kikokotoo cha simu.

Mlinganyo wa kawaida, kama x + 3 = 7, unadai namba moja. Mlinganyo tofautishi unadai mwenendo mzima: kitu kitakuwaje kila dakika, ukijua tu kinabadilika vipi.

Hatua ya 1: Tenga kiasi na kasi ya badiliko lake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Sisi wa Mombasa tuna mwalimu mzuri, nayo ni bahari. Simama Likoni maji yakiwa yamejaa kabisa. Kimo chake, tukiite h, kiko juu kuliko wakati wowote, lakini dh/dt, yaani kasi ya kubadilika kwa kimo, ni sifuri, kwa kuwa maji hayapandi wala hayashuki. Rudi baada ya saa 3 hivi. Kimo sasa ni cha kati tu, na ndipo maji yanapopwa kwa kasi kubwa kabisa.

Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Tukichukua mita 3 kamili, na tukichukulia maji yanafuata mchoro wa sine (wimbi laini la kupanda na kushuka), pale katikati yanashuka karibu sentimita 76 kwa saa. Siku za maji mafu kasi hiyo hupungua sana. Usiendelee mbele mpaka uweze kueleza kwa maneno yako kwa nini h ni kubwa na dh/dt ni sifuri kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Soma mlinganyo kama sentensi

Chukua kahawa tungu ya nyuzi 90 katika chumba cha nyuzi 30. Sheria ya Newton ya kupoa ni hii:

dT/dt = −k(T − 30)

Isome hivi: kasi ya kupoa inategemea kahawa imeizidi hewa kwa nyuzi ngapi. Alama ya kutoa inasema joto linashuka. Herufi T ni joto la kahawa, t ni muda kwa dakika, na k ni tabia ya kikombe na kahawa iliyomo. Tuseme k ni 0.04 kwa dakika.

Hatua ya 3: Tembea hatua ndogo ndogo

Mwanzoni tofauti ni 60. Zidisha kwa 0.04, upate 2.4. Basi baada ya dakika 1 joto ni 87.6. Sasa tofauti ni 57.6, mara 0.04 ni 2.3, joto 85.3. Endelea mpaka dakika ya 10 na utafika karibu 69.9. Njia hii ni ya Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18.

Tafadhali ifanye kwa mkono japo mara moja. Kisha jaribu kuruka dakika 10 kwa hatua moja: utapata 66. Ruka dakika 30 kwa mpigo na hesabu itakuambia kahawa ina nyuzi 18, baridi kuliko chumba chenyewe! Hapo utaona kwa nini hatua lazima ziwe ndogo.

Hatua ya 4: Sasa tafuta fomula

Jibu ni T = 30 + 60e^(−0.04t), ambapo e ni namba isiyobadilika, karibu 2.718. Kwa dakika 10 linatoa 70.2, na wewe ulishafika 69.9 kwa miguu yako. Lirudishe jibu ndani ya mlinganyo uhakikishe pande mbili zinalingana.

Hatua ya 5: Badiliko la badiliko

Fizikia ya mwendo huzungumzia kasi ya kasi, yaani jinsi kasi yenyewe inavyobadilika; ndiyo maana ya zile d². Funga jiwe kwenye uzi wa mita 1 na ulibembeze kidogo: d²θ/dt² = −(g/L)θ, ambapo θ ni pembe ya uzi kutoka katikati, g ni mvutano wa dunia na L ni urefu wa uzi. Kadiri jiwe linavyokwenda mbali na katikati, ndivyo linavyovutwa kurudi. Hapa unahitaji kujua mambo mawili ya mwanzo, lilipo na kasi yake. Mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, ni sekunde 2. Ukikata uzi ubaki sentimita 25, ni sekunde 1. Pima mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, niliishia kidato cha nne na hesabu ilinipiga chenga. Nianzie wapi? (Kisauni)*

Anzia mteremko wa mchoro, kisha sura ya kutofautisha ya kidato cha nne. Vipeo na sine vinatosha kwa somo hili, ndugu yangu. Integrali ngumu ziache kwanza.

*Hiyo e imetoka wapi? Sikuiona kwenye kahawa. (Tudor)*

Ulikuwa nayo, dada. Kila dakika ulikuwa unazidisha tofauti kwa 0.96, mara 10. Ukitumia nusu dakika unazidisha kwa 0.98, mara 20, na joto linakuwa 70.1. Endelea kupunguza hatua na utaikaribia 70.2, ile inayotolewa na e. Ukizigawanya bila kikomo, e ndiyo inayobaki.

*Mimi ni fundi wa redio na tivii. Haya yanahusiana na kazi yangu? (Changamwe)*

Sana. Kapasita inayoisha chaji kupitia rezista hufuata mlinganyo uleule wa kahawa: dV/dt = −V/(RC), ambapo V ni volti, R ni ukinzani wa rezista na C ni uwezo wa kapasita. Kapasita ya mikrofaradi 100 na rezista ya kilo-ohmu 100 zina RC ya sekunde 10. Kila sekunde 10 volti hubaki asilimia 37 ya zilivyokuwa. Ukianza na volti 340, baada ya sekunde 50 zimebaki 2 na kidogo. Lakini rezista hiyo ikiwa imeungua, mlinganyo haufanyi kazi na chaji inakaa palepale, kwa hiyo kaka, weka mita kwanza kabla hujagusa.