Kabla ya kuleta mjusi wa mitini nyumbani

Katika orodha ya manunuzi, mjusi mwenyewe aandikwe mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume. Mtu anamwona mjusi kafiri wa kijani kibichi mwenye madoa mekundu mgongoni, anampenda papo hapo, anamlipia, kisha usiku ndipo anapoanza kuuliza taa gani na joto kiasi gani. Nami nilianza hivyo. Siku ya nane nikaona vidole viwili vya mguu wake wa nyuma vimebanwa na pete nyeupe ya ngozi kavu, mithili ya uzi uliofungwa ukakazwa. Alikuwa amejivua gamba ndani ya sanduku kavu na ngozi kuukuu ikashindwa kutoka. Nilimlaza kwenye kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikaibandua taratibu kwa kijiti cha pamba, nikaokoa kidole kimoja. Cha pili kilikauka kikakatika. Kwa mnyama anayeishi kwa kupanda hiyo ni hasara kubwa, maana chini ya vidole vyake mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyomshikiza kwenye jani laini au kioo bila gundi yoyote.

Basi kabla ya yote, jua unamtaka mjusi gani, kwa kuwa jina "mjusi wa mitini" limebeba wanyama wenye mahitaji tofauti kabisa. Mijusi wa kundi la Phelsuma, ambao wengi asili yao ni Madagaska, huamka na jua na kulala na giza. Wanapenda mwanga mkali na joto, na ngozi yao ni nyepesi kiasi kwamba ukiwashika kwa nguvu huchanika. Hao ni wa kutazamwa, si wa kushikwa. Correlophus ciliatus wa Kaledonia Mpya, visiwa vya bahari ya Pasifiki, mwenye vijimiba juu ya macho kama kope, hutembea usiku na hutaka ubaridi wa wastani. Watu walidhani ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994, na leo anazalishwa kwa wingi na wafugaji. Kwa anayeanza, ningemshauri aanze na huyu. Ila ajue kwamba mkia wake ukikatika hauoti tena. Gekko gecko, yule mkubwa wa Asia mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ni mzuri wa kutazama lakini huuma kwa nguvu na haachii upesi. Asiwe wa kwanza kwako.

Ukishachagua, uliza alikotoka. Hapa naomba usione haya kumhoji muuzaji: amezaliwa kwa mfugaji au amekamatwa msituni? Wazazi wake wako wapi? Hati ziko wapi? Mjusi aliyetolewa mwituni huja na minyoo, hofu na njaa, na wengi hufa wiki za mwanzo. Lakini hasara kubwa zaidi inabaki kule alikotolewa. Mfano unaoniuma ni Lygodactylus williamsi, kijusi cha rangi ya samawati inayong'aa, kinachoishi Tanzania tu, katika vipande vya msitu mkoani Morogoro, Kimboza ukiwamo. Makao yake ni mikadi yenye majani marefu, na wakamataji walifikia hatua ya kuikata mikadi yenyewe ili kumfikia. Tangu mwaka 2017 yumo katika Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya mwituni, maana yake biashara ya kimataifa ya waliotoka mwituni imepigwa marufuku. Phelsuma wamo katika Kiambatisho cha pili, ambako biashara inaruhusiwa kwa kibali, na Gekko gecko aliingizwa humo mwaka 2019. Kwa hiyo hakikisha sheria za nchi yako zinaruhusu na hati zinalingana na mnyama uliye naye mbele yako. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Sasa nyumba yake. Mjusi wa mitini huhesabu nafasi kwenda juu, kwa hiyo sanduku refu ni bora kuliko pana. Kwa mmoja mkubwa wa Correlophus, sentimita 45 kwa 45 chini na 60 kwenda juu ni mwanzo mzuri, na ukipata zaidi mpe zaidi. Liwe na wavu juu na matundu upande wa chini ili hewa ipite. Ndani panga matawi ya unene wa mwili wake, mianzi, magome ya kujibanza nyuma yake, na mimea hai yenye majani mapana. Weka matawi mengine yamelala, mengine yamesimama, kwa sababu mjusi asiye na mahali pa kupumzika ila kioo hulala kichwa chini, na wengine mkia huwapindia kiunoni.

Unyevu ndio unaowashinda wengi, na mimi ulinishinda. Hewa inatakiwa ipande hadi asilimia 80 hivi baada ya kunyunyiza maji usiku, kisha ishuke taratibu mchana hadi 50 au 60. Kushuka huko ni muhimu sawa na kupanda. Sanduku linaloloa saa 24 huota ukungu na kumletea mnyama maradhi ya mapafu. Kinyunyizio kina kazi nyingine pia, kwa kuwa wengi wao hawalitambui bakuli la maji. Keti kimya mbele ya kioo baada ya kunyunyiza na utamwona akishuka kichwa mbele, akisimama juu ya jani, na kulamba tone moja, kisha jingine, ulimi mpana wa waridi ukitoka na kurudi. Akimaliza huupitisha ulimi huohuo juu ya jicho kulisafisha, kwani kope za kupepesa hana.

Joto lipime juu na chini, kwa vipimajoto viwili. Correlophus anatosheka na nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi, na zikipita 28 anaanza kuteseka. Phelsuma wengi wanataka 28 hadi 30 mchana, pamoja na sehemu ya kuotea jua iliyo moto kidogo zaidi, na usiku pashuke. Taa ya joto iunganishwe na themostati, kifaa cha kudhibiti joto, na iwe nje ya wavu, kwani mjusi ataikumbatia hata ikimuunguza. Anayeamka mchana anahitaji pia taa ya miale ya urujuanimno, ile inayouzwa kama UVB, ili mwili utengeneze vitamini D3 na kuitumia kalsiamu. Dirisha la kioo halimsaidii, maana kioo huzuia miale hiyo. Na taa hizo huchoka kimyakimya: mwanga bado unauona, miale imekwisha. Fuata muda wa kubadilisha uliotajwa na mtengenezaji.

Yote haya yawashwe na kuendeshwa wiki mbili au tatu sanduku likiwa tupu. Andika vipimo asubuhi na usiku. Umeme ukikatika, tazama joto linashuka kwa kasi gani. Makosa utakayoyaona wakati huo hayatamgharimu mtu yeyote wala mnyama yeyote.

Chakula kiwe kimepatikana kabla yake. Kuna unga maalumu wa matunda unaochanganywa na maji, ambao humfaa Correlophus na baadhi ya wengine, lakini wote wanapenda kuwinda. Nyenje wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, walishwe vizuri siku moja kabla, kisha wapakwe unga wa kalsiamu. Bila kalsiamu mifupa hulainika, taya likalegea, mgongo ukapinda, na kilichokwisha kupinda hakinyooki. Wadudu wa kuokota nje waache, kwani huenda wamegusa dawa za kuulia wadudu, na baadhi ya vimulimuli wana sumu inayoua mijusi.

Mtafute daktari wa wanyama anayewajua reptilia ungali huna mgonjwa. Nunua mizani ndogo ya gramu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapogusa sanduku, kwa ajili ya salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Madume wawili kamwe wasikae pamoja. Na jiulize kwa dhati ni nani atakayemtunza miaka 15 ijayo, kwa kuwa Correlophus aliyetunzwa vyema hufika huko na kupita.

Siku atakapokuja, liweke kopo alilosafiria ndani ya sanduku, fungua kifuniko, na umwache atoke mwenyewe. Chini tandika karatasi nyeupe za jikoni kwa mwezi wa kwanza ili kinyesi chake kionekane na kipelekwe kupimwa. Usimshike kwa wiki mbili. Nyunyiza maji, zima taa, funga mlango wa chumba.