Mwanajeshi wa Visiwani Kabla ya Kwenda Jangwani

Kijana wa Zanzibar, awe wa Makunduchi au Wete, akisikia kikosi chake kinapelekwa jangwani, hujibu kuwa joto amelizoea. Amelizoea, ndiyo, lakini la kwao. Huku kwetu hewa ina unyevu wa bahari. Ukibeba mzigo wakati wa kaskazi shati linarowa, jasho linachuruzika, na unajua kuwa maji yanakutoka. Jangwani hewa kavu hulimaliza jasho kabla hujaliona. Shati kavu, ngozi kavu, umebaki ukoko mweupe wa chumvi mgongoni mwa kombati. Mwenyewe anajiona hajatoka jasho, kumbe keshakaukiwa.

Kwa hiyo maji yanatangulia. Mtu wa kazi nzito juani anaweza kuhitaji lita 10 kwa siku, na akingoja kiu amechelewa. Anywe kidogo kidogo, wala asizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno nayo huharibu mizani ya chumvi mwilini. Aangalie mkojo: ukifanana na chai ya rangi, maji hayatoshi. Paketi za ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, zisikose begini. Zikiisha, lita moja ya maji safi itiwe vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa, yaani visawazishwe na ukingo wa kijiko.

Mwili huzoea joto jipya kwa wiki moja hadi mbili, hivyo siku za mwanzo si za kuonyeshana ubavu. Mwenzako akianza kuropoka, kuyumba, na mwili unawaka, msimwambie apumzike tu. Huyo yuko hatarini kufa. Mvueni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni, daktari aitwe. Ramadhani ikiwakuta huko, zungumzeni na daktari wa kikosi mapema; msafiri na mgonjwa wana ruhusa yao.

Usafi watu huuchukulia mzaha, na mimi ndio ninaouogopea zaidi. Mwaka 1942, kwenye majangwa ya Misri na Libya, jeshi la Wajerumani chini ya Rommel lilidhoofishwa sana na kuhara damu: vyoo vibovu, nzi tele. Waingereza waliokuwa wakifukia vinyesi na kulinda jiko waliugua kidogo kuliko wao.

Sasa sisi tunakula sinia moja, kwa mkono. Maji yakikosekana unatayamamu kwa vumbi na sala yako inasihi, lakini vumbi hilo haliondoi vijidudu vya choo kabla ya kumega wali. Sabuni na maji kidogo yatengwe kwa ajili ya kula, hata kama kuoga kutasubiri. Vitakasa mikono havifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye mafuta na vumbi. Chupa ya kutawadhia chooni itiwe alama, isichanganywe kamwe na ya kunywea. Ndoo ikiwa haijai, osha kwapa, mapaja na nyayo. Huko ndiko harara na fangasi huanzia. Soksi zichukuliwe jozi nyingi za pamba au sufi, na viatu vikung'utwe kila asubuhi, nge hupenda kujificha humo.

Sweta nalo ni lazima, ingawa sokoni Darajani muuzaji atakushangaa. Usiku wa jangwani huwa na baridi kali.

Chandarua kiwe cha matundu madogo sana na kilichotiwa dawa, kwa sababu usubi wa jangwani hupenya cha kawaida. Huyo huleta vidonda vya ngozi visivyopona upesi, na ugonjwa wa kalaazari unaovimbisha wengu. Chanjo yake haipo. Zilizopo ni za homa ya manjano, homa ya matumbo na homa ya uti wa mgongo. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa Sudan, walikowahi kulinda amani wanajeshi wa JWTZ, jeshi la Tanzania, chini ya UNAMID, kikosi cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika huko Darfur.

Malaria nayo ipo Sudan, na hapa kijana wa visiwani ana udhaifu wake: Zanzibar imeupunguza ugonjwa huo mno, kwa hiyo kinga ya kuugua mara kwa mara hana. Dawa ya kuzuia anywe kama alivyoandikiwa, na asiache siku anayopanda ndege kurudi; doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo, huendelea wiki nne baada ya kuondoka. Akishuka Unguja au Pemba na homa, hata miezi kadhaa baadaye, apime damu siku hiyohiyo na amwambie daktari alikotoka.