Somo: Kukata silabi za vitenzi vya masharti vya Kiitaliano

Katika "ningezungumza" nafsi iko mbele, -nge- inafuata, mzizi uko nyuma. Kiitaliano kimepanga kinyume: mzizi kwanza, nafsi mkiani. Tutumie parlare, kuzungumza.

Hatua ya 1. Ondoa -are, ubaki na parl-.

Hatua ya 2. Ongeza -er-, upate parler-. Ndiyo, ile a imegeuka e. Vitenzi vya -ere hubaki na e (prender-), vya -ire hubaki na i (dormir-).

Hatua ya 3. Bandika mwisho wa nafsi, kwa mpangilio wa mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao: -ei, -esti, -ebbe, -emmo, -este, -ebbero. Miisho hii haibadiliki, hata kwa vitenzi vikorofi.

Hatua ya 4. Sasa kata silabi:

par-le-rei
par-le-re-sti
par-le-reb-be
par-le-rem-mo
par-le-re-ste
par-le-reb-be-ro

Angalieni ile r. Kimuundo ni ya shina (parler-ei), lakini kisilabi imehamia kwa irabu inayofuata (le-rei). Msichanganye mikato hii miwili. Konsonanti maradufu huachana, moja huku na moja kule. Ila s na konsonanti inayoifuata haziachani: re-sti, si res-ti.

Hatua ya 5. Mkazo. Daima uko kwenye e inayoanza mwisho wa nafsi. Mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho yanatufaa karibu kote (hata parlerei, maana sisi husoma rei kama re-i), mpaka tufike parlerebbero. Hapo ulimi wa Mswahili unataka kukazia -be-. Ukatalie: mkazo uko kwenye -reb-.

MASWALI

Mwalimu, parleremo na parleremmo zinatofautianaje?
M moja ni "tutazungumza", mbili ni "tungezungumza", kwa hiyo usipuuze. Funga midomo, kaa kidogo, ndipo ufungue. Wengi huisimamisha m ya kwanza peke yake kama kwenye "mmea". Hapa inaegemea e iliyoitangulia: rem, kisha mo.

Vorrei (ningetaka) nayo? Mbona siioni volere (kutaka) ndani yake?
Irabu imedondoka na l ikamezwa na r: vor-rei. Venire (verrei) na rimanere (rimarrei) vimepita njia hiyo hiyo. Avere na potere vimepoteza irabu tu, na vr na tr hazikatwi: a-vrei, po-trei.

Samahani mwalimu, h ya cercherei imetoka wapi?
Inalinda sauti ya k ya cercare. Bila h, c mbele ya e ingesomeka kama "ch" yetu. Silabi ni cer-che-rei. Mangiare hufanya kinyume, inaacha i yake: man-ge-rei, maana g mbele ya e tayari ni "j".

Je, fare inakuwa ferei?
Hapana. Fare, dare na stare hung'ang'ania a: fa-rei, da-rei, sta-rei.